DAKTARI WA MIMEA: MAISHA YA GEORGE WASHINGTON CARVER

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimezoea kuwasikia wenzangu wakiitumia methali hiyo kwa mambo ya masomo na kutafuta kazi, lakini leo nataka tuichukue jinsi ilivyo. Kuinama nitakakozungumzia ni kule kwa jembe mkononi na jua mgongoni, kule ambako wengi wetu tunakukimbia.

Sijifanyi malaika. Mimi nami nilikuwa nikikukimbia. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikuwa nikija shuleni na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya mkebe, halafu ninavila peke yangu nyuma ya darasa ili nisionwe na wale wanaonunua mandazi na chapati kwenye kibanda cha langoni. Basi siku moja, katika kipindi cha maktaba, nikaokota kitabu kilichong'oka jalada. Kumbe kilikuwa kinaeleza habari za Mmarekani mweusi aliyevichukua viazi vitamu, kunde na njugu, vyakula vile vile nilivyokuwa nikivionea haya, akavitukuza mpaka akaitwa mbele ya wabunge wa nchi yake kuvieleza. Jina lake ni George Washington Carver. Nilikimaliza kitabu kile kwa siku mbili, kisha nikamwendea mwalimu wetu wa Kilimo, akaniongezea mengine.

Kuna jambo jingine lililonifanya nisome mpaka mwisho. Kwetu ni upande wa magharibi ya Kenya, ambako miwa imefika hadi kwenye kuta za nyumba. Shamba letu lote ni miwa, isipokuwa nusu ekari nyuma ya jikoni. Hapo ndipo nyanya yangu hupanda kunde, mrenda, miroo, saga, mnavu, viazi vitamu na njugu. Mwaka jana baba aliamua kuwa hiyo nusu ekari nayo iingie miwa ili karo yangu ipatikane. Hebu fikiria, msomaji, taabu niliyokuwa nayo. Shamba la nyanya linamalizwa kwa jina langu, na mimi siwezi kumpinga mzazi. Weka hilo akilini tunapomfuata huyu mzee wa Marekani.

George alizaliwa utumwani karibu na mwaka wa 1864, mahali paitwapo Diamond, jimbo la Missouri. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, na yeye mwenyewe hakuijua maisha yake yote, kwa maana mtoto wa mtumwa alihesabiwa kama ndama zizini. Mama yake, Mary, alikuwa amenunuliwa mwaka wa 1855 kwa dola 700 na mkulima Mzungu aliyeitwa Moses Carver. Baba yake, aliyekuwa mtumwa wa shamba la jirani, alifariki katika ajali kabla George hajaweza kumjua sura.

Wakati huo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, na upande wa Missouri majambazi walikuwa wakizunguka usiku wakiiba mifugo na watumwa. Usiku mmoja walimvamia Mary wakamchukua pamoja na mtoto wake mchanga, wakavuka nao hadi jimbo la Arkansas. Moses Carver alimtuma mtu awafuate. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, hoi, anakohoa kifaduro, nusura afe. Moses alimlipa mtu huyo farasi mmoja. Mama hakuonekana tena. Ama kweli, dunia ni mti mkavu! Mtoto alikombolewa kwa farasi, na mama akapotea kama moshi.

Vita vilipokwisha na utumwa ukakomeshwa, Moses na mkewe Susan hawakuwa na watoto wao, basi wakamlea George na kaka yake, Jim. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa dhaifu kwa sababu ya ule ugonjwa, na sauti yake ikabaki nyembamba hata ukubwani. Kwa hiyo alibaki nyumbani na Susan akijifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Alipopata nafasi aliingia msituni akachimbua maua na miche, akaipanda kwenye kibustani alichokificha vichakani, maana alihofia kuchekwa. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu, nikaukumbuka mkebe wangu wa viazi. Majirani walipogundua kuwa mmea uliokaribia kufa ukipelekwa kwa kijana huyo hupona, walianza kumwita daktari wa mimea. Wakati huo hakuwa amekanyaga darasa lolote.

Shule ya karibu ilikuwa ya Wazungu watupu, na mtoto mweusi hakuruhusiwa. Alipofika umri wa miaka kumi na kitu, George alifunga virago akaenda kwa miguu hadi mji wa Neosho, yapata kilomita 13, kwa kuwa huko kulikuwa na shule ya watoto weusi. Sisi wa shule ya kutwa tunaolalamika juu ya kilomita nne za asubuhi, tujipime hapo. Alifika giza likiwa limeingia, akalala kwenye banda la mifugo. Alfajiri mwenye banda, mama mmoja mkunga na mfuaji nguo aitwaye Mariah Watkins, akamkuta. Kijana alipojitambulisha kuwa yeye ni George wa Carver, jinsi watumwa walivyokuwa wakiitwa kwa majina ya mabwana wao, mama huyo alimkosoa papo hapo. Alimwambia kuwa tangu siku hiyo jina lake ni George Carver, kwani hakuna mtu anayemmiliki. Pia alimwagiza kuwa akishasoma aende akawagawie watu wake elimu hiyo. Mama Mariah na mumewe Andrew walimpa makao, naye akawa anawafulia nguo na kusoma.

Kutoka hapo alizunguka miji ya jimbo la Kansas akitafuta elimu huku akipika na kuwafulia watu ili apate chakula. Katika mji wa Fort Scott, mwaka wa 1879, alishuhudia kundi la Wazungu likimwua mtu mweusi bila hukumu ya mahakama. Aliondoka mji huo upesi na hakuusahau maisha yake yote. Baadaye alisoma sekondari katika mji wa Minneapolis, huko huko Kansas. Hapo ndipo alipoongeza herufi W kwenye jina lake, kwa sababu kulikuwa na George Carver mwingine na barua zao zilikuwa zikichanganyika. Watu wakasema W hiyo ni ya Washington, naye akaacha iwe hivyo.

Katikati ya miaka ya 1880 aliandika barua ya kuomba nafasi katika chuo cha Highland, Kansas, akajibiwa kuwa amekubaliwa. Alipofika mlangoni wakaiona rangi yake, wakamkataa. Jamani! Hebu jiweke mahali pake. Umesafiri, umeuza ulivyokuwa navyo, halafu unaambiwa rudi ulikotoka. Wengi tungekata tamaa. George alienda sehemu kame ya Kansas akachukua kipande cha ardhi, akajijengea kibanda cha matofali ya udongo wa nyasi, akalima mahindi na mboga kwa mikono. Ukame ulimfunza mengi kuliko chuo kile.

Subira huvuta heri. Mwaka wa 1890 alipokelewa na chuo cha Simpson katika jimbo la Iowa, akasoma uchoraji na piano, huku akifua nguo za wanafunzi wenzake ili apate senti. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora maua kwa ufundi, lakini akahofia kuwa mtu mweusi hataweza kujilisha kwa picha. Akamshauri aende chuo cha kilimo cha jimbo hilo, kilichoko mji wa Ames. George alijiunga nacho mwaka wa 1891, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi. Mwanzoni hakuruhusiwa kula pamoja na wenzake. Hata hivyo picha yake ya mmea ilipata sifa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka wa 1893, na mwaka uliofuata akapata shahada yake ya kwanza. Chuo kikamwajiri afundishe, akawa mwalimu wa kwanza mweusi hapo, na mwaka wa 1896 akapata shahada ya pili. Alikuwa na kazi nzuri, maabara nzuri na heshima.

Mwaka huo huo ikaja barua kutoka Kusini. Booker T. Washington, naye mzaliwa wa utumwani, alikuwa na chuo cha watu weusi huko Tuskegee, jimbo la Alabama, akataka mtu wa kuongoza idara ya kilimo. George alikumbuka agizo la Mama Mariah, akayaacha mema ya Iowa. Aliwasili Tuskegee mwezi wa Oktoba 1896 na akabaki huko zaidi ya miaka 46, yaani mpaka kufa kwake.

Alilolikuta ni la kusikitisha. Hakukuwa na maabara. Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda jalalani kuokota chupa, mikebe na taa kuukuu, wakavitengeneza viwe vyombo vya majaribio. Tena, maabara ilikuwa jambo dogo ukilinganisha na hali ya wakulima. Watu weusi wa Alabama walikuwa huru kwa sheria, lakini wengi hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya matajiri kwa mapatano ya kugawana mavuno. Mbegu, mbolea na hata unga walikopa dukani, na deni likalipwa wakati wa pamba. Mwenye duka na mwenye shamba hawakutaka kitu kingine ila pamba, kwa sababu mboga haikuwa dhamana ya mkopo. Basi pamba ilipandwa hadi mlangoni mwa nyumba. Mwaka ukiisha, mkulima anaambiwa deni bado, anaanza tena.

Pamba ile, ikipandwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, ilinyonya rutuba yote. Mvua ikaja ikachukua udongo wa juu, na makorongo yakachimbika. Wakulima wakawa wanakula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, siku nenda siku rudi. Chakula hicho kilijaza tumbo lakini hakikuujenga mwili, na sehemu hizo zikaja kusumbuliwa sana na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini unaoharibu ngozi, tumbo na akili. Ajabu ni kwamba watu hao walikuwa wakulima, na chakula walinunua kwa deni.

Carver alipewa kipande cha ardhi mbovu kwa majaribio. Angeweza kuagiza mbolea ya viwandani, lakini alijiuliza kama mkulima maskini ataweza kuinunua. Kwa hiyo alitumia vitu ambavyo hata mtu asiye na senti anaweza kuvipata. Aliwatuma wanafunzi wakaleta majani ya msituni, matope ya kinamasi, samadi na takataka za jikoni, wakatengeneza mboji. Kisha akawashauri watu waache kupanda pamba kila mwaka, na badala yake wabadilishane pamba na kunde, njugu karanga na viazi vitamu. Sisi wa Kilimo tunajua sababu ya kunde na njugu. Mimea ya jamii hiyo ina vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuitia ardhini. Mmea unakulisha wewe, na mizizi yake inalisha shamba. Ardhi ile mbovu ilianza kuzaa, na wakulima waliokuja kutazama wakabaki vinywa wazi.

Kuanzia 1897 wakulima walikuwa wakikutana Tuskegee kila mwezi kupata mafunzo na mbegu za kwenda kujaribu kwao. Lakini Carver aliona kuwa wale maskini zaidi hawawezi kufika. Ikiwa mlima hauji kwako, wewe uende mlimani. Akabuni gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba jembe, mbegu, vyombo vya maziwa na vifaa vya kufundishia. Tajiri mmoja wa New York, Morris K. Jesup, akatoa fedha, na gari hilo likaanza safari mwaka wa 1906 likiwa na mwalimu wake. Lilikuwa likisimama kijijini, watu wanakusanyika kwenye shamba la mwenzao mmoja, wanafundishwa hapo hapo kwa vitendo. Wanawake walionyeshwa jinsi ya kukausha matunda na mboga ili zisioze, na jinsi ya kupanda bustani ya jikoni. Shule ilikuwa imeota magurudumu.

Aliandika pia vijitabu 44, kwa lugha nyepesi ambayo mkulima aliyesoma kidogo angeielewa. Cha kwanza, cha mwaka wa 1898, kilieleza jinsi ya kulisha mifugo kwa tunda la mti wa mwaloni lililokuwa likioza bure msituni. Kingine cha mwaka wa 1910 kilihusu bustani za shule za vijijini, kwa sababu aliamini mtoto akijua kuotesha mbegu hawezi kuidharau kazi ya mzazi wake. Mwaka wa 1911 alieleza jinsi ya kutengeneza rangi za nyumba kwa udongo wa hapo hapo kwao. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa mama zetu hupaka nyumba kwa udongo mwekundu na mweupe wakati wa Krismasi. Na kile kilichojulikana kuliko vyote, cha mwaka wa 1916, kilieleza jinsi ya kukuza njugu na njia 105 za kuzipika. Mia moja na tano! Sisi kwetu tunajua kukaanga, kuchemsha na kutia kwenye mboga, basi.

Kisha mdudu akafika. Fukusi wa pamba alitoka upande wa Mexico, akala mashamba jimbo baada ya jimbo, na karibu na mwaka wa 1910 akaingia Alabama. Waliokuwa na pamba tupu walibaki mikono mitupu. Hapo maneno ya Carver yakawa na uzito, na wakulima wengi wakaanza kupanda njugu. Carver akawa anajifungia katika maabara akitafuta matumizi mapya ya zao hilo. Alitengeneza maziwa ya njugu, rangi, sabuni, mafuta ya kujipaka na vitu vingine, jumla yake ikihesabiwa kuwa kama 300, na zaidi ya 100 kutokana na viazi vitamu.

Mnamo Januari 1921 wakulima na wafanyabiashara wa njugu walimtuma Washington, mji mkuu, akaeleze kamati ya bunge kwa nini njugu za kutoka nje zitozwe ushuru. Alipewa dakika 10. Baadhi ya wabunge walianza kwa mzaha na dharau, na yeye akafungua sanduku lake akaanza kutoa kimoja kimoja na kukieleza kwa upole. Dakika 10 zilipokwisha wakamwongezea, na tena wakamwongezea, na mwishowe wakampigia makofi. Tangu siku hiyo jina lake likavuma nchi nzima. Mwaka wa 1923 alipewa nishani ya Spingarn, ambayo hutolewa kwa Mmarekani mweusi aliyefanya jambo kubwa.

Wasomaji, hapa nataka nirekebishe kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Watu husema Carver ndiye aliyevumbua siagi ya njugu. Si kweli, ilikuwapo kabla yake. Tena vingi katika vile vitu 300 havikuuzwa kamwe madukani, na haki za uvumbuzi alizojiandikishia serikalini ni tatu tu. Pia hakuna masika yasiyo na mbu. Carver hakuwa meneja mzuri. Aligombana mara nyingi na Booker T. Washington juu ya ripoti zilizochelewa na juu ya banda la kuku la chuo lililokuwa likienda ovyo chini yake, na zaidi ya mara moja alitishia kuacha kazi. Ninayasema haya kwa sababu tukimfanya malaika, sisi wenye makosa tutadhani hatuwezi kumfuata. Sifa yake kwangu haiko katika idadi ya vitu alivyovumbua. Iko kwa mkulima wa kijijini aliyejua, baada ya gari kupita, kwamba anaweza kula kutoka shambani mwake mwenyewe.

Hakuoa. Alivaa koti kuukuu lakini halikukosa ua kifuani. Alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko kutembea msituni na kuangalia mimea. Fedha hakuzijali, na akiba yake ya maisha aliitoa kwa ajili ya utafiti pale Tuskegee. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa mzee, aliandika kijitabu kuhusu mboga zinazoota zenyewe porini na makondeni, akiwakumbusha watu kuwa wengi wanazing'oa kama magugu, kumbe ni chakula. Nyanya yangu angemkumbatia. Terere na mnavu vyetu huota vyenyewe, na kuna watu huvimwagia dawa ya kuua magugu.

George Washington Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka kwenye ngazi. Alizikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington, yule aliyegombana naye. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilipatenga mahali alipozaliwa pawe pa kumbukumbu ya taifa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Mmarekani mweusi kupewa heshima hiyo. Mtoto aliyekombolewa kwa farasi!

Sasa nirudi kwenye nusu ekari ya nyanya. Muhula wa pili nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Baba alikuwa tayari amezungumza na mwenye trekta. Miwa tuliyokuwa nayo ilikuwa imekatwa zamani lakini malipo hayakuwa yamefika, na yalipofika yalikuwa yamekatwa kwa mbolea, kulima na usafiri mpaka yakabaki machache. Na miwa mipya inataka mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa. Mimi nilipiga hesabu nikaona nitakuwa nimemaliza kidato cha nne kabla hiyo nusu ekari haijatoa senti. Lakini nani atamwambia baba? Kwetu mtoto hamkosoi mzee.

Jioni moja baada ya chakula, ugali na miroo, baba aliniuliza ninachosoma siku hizo. Nikaona ndiyo nafasi. Sikutaja miwa hata kidogo. Nilimsimulia habari za Alabama, nikamweleza jinsi pamba ilivyopandwa hadi mlangoni, jinsi deni la dukani lilivyokuwa haliishi, na jinsi wakulima walivyonunua unga ilhali wana majembe. Nikamsimulia juu ya mzee wa kunde na njugu. Nyanya alikuwa akipepeta njugu pembeni, akasema kwa lugha yetu kuwa jambo hilo la kubadilisha kunde na mahindi mama yake alimfundisha kabla hajaolewa. Baba alinyamaza kitambo kirefu. Akaondoka bila neno, na mimi nikaingiwa na baridi nikidhani nimevuka mpaka.

Trekta halikuja. Baba hakunieleza kitu, ila wiki iliyofuata nilimwona akitia miti ya ua kuzunguka ile nusu ekari ili ng'ombe wasiingie. Mvua ya vuli ilipoanza, nyanya aliwaita akina mama saba majirani ambao mashamba yao yote yamemezwa na miwa, wakagawana matuta. Kila mmoja alikuja na mbegu aliyokuwa ameihifadhi kwenye kibuyu au kitambaa. Sasa siku za soko mama hubeba mafungu ya saga na mnavu, na mapema kabla ya saa nne yamekwisha. Nisiwadanganye, karo bado nadaiwa. Lakini muhula huu nimelipa sehemu yake kwa fedha za mboga, na hakuna jioni tuliyolala na chai tupu.

Ndiyo maana nimemchagua mzee huyu badala ya mashujaa wa vita na wafalme. Waliomzunguka walidhani kuwa elimu ni ya kumtoa mtu shambani, naye akaipeleka elimu shambani. Mwacha asili ni mtumwa, na Carver, aliyezaliwa mtumwa kweli kweli, alilijua hilo kuliko sisi.

Mwisho, ninalo ombi kwa Chama chetu cha Kiswahili na kwa walimu wetu. Nyuma ya bweni la zamani kuna uwanja ulioota magugu. Tuuombe. Tupande kunde na viazi vitamu, tuandike majina ya mimea hiyo kwa Kiswahili na kwa lugha za kwetu juu ya vibao, ili yasipotee pamoja na wazee. Mbegu nitaomba kwa nyanya. Na ukiniona wakati wa chakula cha mchana na mkebe wangu, usipite mbali. Siku hizi navila viazi vyangu mbele ya darasa, na vinatosha wawili.

Wasalaam.